MWALIMU WA MPIRA APEWE MUDA

Timu ikishinda, tunamtaja mfungaji wa bao. Timu ikifungwa, tunamtafuta mwalimu. Tabia hii iko mjini na iko shamba. Iko katika timu ya taifa na iko katika timu ya kijiji. Mimi naiona kuwa ni tabia mbaya, na katika makala haya nitaeleza kwa nini.

Nasema "mwalimu" kwa makusudi. Redio na magazeti husema "kocha". Lakini wachezaji wenyewe humwita mwalimu, na wana haki. Kazi yake ni kufundisha. Siku ya mechi yeye haingii uwanjani. Hapigi mpira hata mara moja. Aliyonayo amekwisha kuwapa wanafunzi wake wakati wa mazoezi. Mechi ni mtihani wa somo lile.

Tarehe 13 Januari 2025, Zanzibar Heroes ilichukua Kombe la Mapinduzi hapa kwetu Pemba, katika uwanja wa Gombani, Chake Chake. Iliifunga Burkina Faso 2–1. Waliokuwapo mpaka leo wanasimulia mabao yale. Lakini waulize habari za mazoezi yaliyoyaleta mabao hayo. Wengi watanyamaza. Tunaona mavuno, hatuoni jembe.

Ndugu msomaji, nataka tumtazame mwalimu mmoja wa Zanzibar. Tutazame kazi yake tangu mwaka 2017 hadi 2025. Halafu tujiulize: sisi huku vijijini tunawatendea haki walimu wetu wa mpira?

HEMED SULEIMAN

Mwalimu huyo ni Hemed Suleiman. Watu wa mpira wamempa jina la utani, Morocco. Jina hilo lisikuchanganye na nchi ya Moroko, ambayo nayo nitaitaja. Hapa nitamwita Mwalimu Hemed.

Amefundisha timu za ligi. Huko Bara amefundisha Coastal Union ya Tanga na Namungo ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Timu hizo hazina fedha kama Simba na Yanga. Mwalimu wa timu kama hizo hapati kila mchezaji anayemtaka. Huwafundisha waliopo.

Nadhani hilo ni jambo la kwanza la kulijua juu ya kazi yake. Fundi wa chombo hupewa mbao zilizopo, naye huchonga ngalawa ikaelea.

MACHAKOS, MWAKA 2017

Zanzibar si mwanachama kamili wa CAF, yaani shirikisho la mpira la Afrika. Iliingizwa mwezi Machi 2017. Mwezi Julai mwaka huohuo ikaondolewa. Kwa hiyo vijana wa Zanzibar hawawezi kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa jina la Zanzibar. Uwanja wao mkubwa umekuwa ni Kombe la Chalenji, yaani kombe la nchi za Afrika ya Mashariki na Kati.

Mwezi Desemba 2017 kombe hilo lilichezwa Kenya. Mwalimu wa Zanzibar Heroes alikuwa Hemed. Watu wachache waliipa timu yake nafasi. Ilikuwa timu ya visiwa viwili, iliyofukuzwa CAF miezi mitano kabla.

Timu ile iliifunga Rwanda 3–1. Iliifunga Tanzania Bara 2–1. Ilitoka sare na Kenya, bila kufungana. Ilifungwa na Libya 1–0. Katika nusu fainali iliifunga Uganda 2–1.

Fainali ilichezwa Machakos tarehe 17 Desemba dhidi ya Kenya, wenyeji. Kenya walifunga mapema. Zanzibar ikasawazisha karibu na mwisho wa mchezo. Katika muda wa nyongeza Kenya wakafunga tena. Zanzibar ikasawazisha tena. Mchezo ukaisha 2–2. Ikaja zamu ya penalti, na Kenya wakashinda 3–2.

Kombe halikuja Zanzibar. Mwenye kutazama kombe tu atasema mwalimu alishindwa. Mimi natazama jambo jingine. Timu isiyofundishwa vizuri ikifungwa ugenini, mbele ya watu wa wenyeji, huvunjika moyo. Wachezaji huanza kugombana wao kwa wao. Timu ile ilifungwa mara mbili na mara mbili ikarudi. Moyo wa namna hiyo haununuliwi dukani. Hufundishwa.

Kumbuka majina mawili ya vijana waliokuwamo katika kikosi kile: Feisal Salum na Mudathir Yahya. Tutakutana nao tena mbele.

KUPOKEA USUKANI BAHARINI

Sasa twende kwenye timu ya Tanzania nzima, Taifa Stars. Timu hii ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1980, huko Lagos, Nigeria. Joel Bendera alikuwa mmoja wa walimu wake, pamoja na Slawomir Wolk kutoka Poland. Tanzania ilifungwa na Nigeria 3–1, ikafungwa na Misri 2–1, ikatoka sare 1–1 na Côte d'Ivoire.

Baada ya hapo ikapita miaka 39. Fanya hesabu mwenyewe: 2019 toa 1980. Mwaka 2019 Tanzania ilirudi katika kombe hilo, huko Misri, ikiwa na mwalimu Emmanuel Amunike wa Nigeria. Ilifungwa mechi zote tatu. Amunike akaondoka mwezi Julai mwaka huohuo.

Mara ya tatu ilikuwa Januari 2024, huko Côte d'Ivoire. Mwalimu mkuu alikuwa Adel Amrouche wa Algeria. Mwalimu Hemed alikuwa msaidizi wake. Mechi ya kwanza Tanzania ilifungwa na Moroko 3–0. Baadaye CAF ikamfungia Amrouche mechi nane, kwa sababu ya maneno aliyoyasema juu ya shirikisho la mpira la Moroko. TFF, yaani shirikisho la mpira la Tanzania, nayo ikamsimamisha. Timu ikakabidhiwa kwa Mwalimu Hemed, akisaidiwa na Juma Mgunda.

Wavuvi wanaosoma ukurasa huu wanaelewa hali hiyo. Nahodha ameondolewa, chombo kiko baharini, mawimbi yamechafuka. Msaidizi anaambiwa: shika usukani. Hapo hakuna nafasi ya kufundisha mambo mapya. Kilichopo ni kutuliza watu, kila mmoja akajua kamba yake.

Siku nne baada ya kufungwa na Moroko, Tanzania ilitoka sare 1–1 na Zambia. Simon Msuva alifunga bao letu. Zambia walisawazisha karibu na mwisho. Siku tatu baadaye Tanzania ilitoka sare 0–0 na Kongo, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Tanzania haikuvuka makundi. Lakini ilipata pointi mbili. Mwaka 1980 ilitoka sare mara moja tu. Mwaka 2019 haikupata hata pointi moja.

MECHI SITA

Baada ya hapo Mwalimu Hemed aliendelea na timu. Kazi iliyofuata ilikuwa kutafuta nafasi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2025. Kundi lilikuwa na Kongo, Guinea, Ethiopia na Tanzania. Timu mbili tu ndizo zitakazopita.

Haya ndiyo matokeo ya Tanzania mwaka 2024. Yasome polepole.

Septemba: Ethiopia, nyumbani, sare 0–0. Guinea, ugenini, ushindi 2–1.

Oktoba: Kongo, ugenini, kufungwa 1–0. Kongo, nyumbani, kufungwa 2–0.

Novemba: Ethiopia, ugenini, ushindi 2–0. Guinea, nyumbani, ushindi 1–0.

Simama kwanza kwenye mwezi wa Oktoba. Timu imefungwa mara mbili katika siku chache. Mara ya pili imefungwa Dar es Salaam, mbele ya watu wake, kwa mabao mawili ya dakika za mwisho. Huko barazani watu walisema nini? Walisema mwalimu hajui. Walisema aletwe mgeni.

Mwezi mmoja baadaye timu ileile, chini ya mwalimu yuleyule, ilishinda mechi mbili mfululizo. Tarehe 19 Novemba 2024 Simon Msuva alifunga bao moja dhidi ya Guinea, na Tanzania ikapita. Kongo walikuwa na pointi 12, Tanzania 10, Guinea 9. Tulipita kwa tofauti ya pointi moja.

Je, kama mwalimu angefukuzwa mwezi Oktoba? Mwalimu mpya angefika na wiki nne tu mkononi. Angekuwa bado anajifunza majina ya wachezaji.

Sasa rudi kwenye mechi ya Septemba dhidi ya Guinea. Guinea walitangulia kufunga. Nani aliyesawazisha? Feisal Salum. Nani aliyefunga bao la ushindi? Mudathir Yahya. Ndio wale vijana wawili wa Zanzibar Heroes ya mwaka 2017. Timu imetanguliwa ugenini, na haikuvunjika. Ni somo lile la Machakos. Lilifundishwa mwaka 2017, likajibiwa katika mtihani wa mwaka 2024. Bila shaka walimu wengine pia waliwafundisha vijana hao katikati. Lakini mwalimu wa somo la kwanza asisahauliwe.

NAMNA YAKE YA KUFUNDISHA

Mwalimu hujulikana kwa kazi za wanafunzi wake. Tutazame hesabu.

Mwezi Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa CHAN. Hayo ni mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao. Mwalimu Hemed aliiongoza Tanzania. Iliifunga Burkina Faso 2–0, Mauritania 1–0, na Madagascar 2–1. Ilitoka sare 0–0 na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katika robo fainali ilifungwa na Moroko 1–0, na Moroko hao ndio waliochukua kombe. Ilikuwa mara ya kwanza Tanzania kufika robo fainali ya mashindano hayo.

Sasa jumlisha mechi mbili za Januari 2024, mechi sita za kutafuta nafasi, na mechi tano za CHAN. Jumla ni mechi 13. Tanzania ilifunga mabao 11, ikafungwa 7. Katika mechi 7 kati ya hizo 13, haikufungwa hata bao moja.

Hesabu hii inatuonyesha nini? Inatuonyesha mwalimu anayeanza na ukuta. Kwanza timu isifungwe. Wachezaji wa nyuma wakae karibu karibu. Wa kati wasaidie kuzuia. Wa mbele nao warudi. Mpira ukipatikana, ndipo timu ishambulie. Ni kama mtu anayejenga nyumba. Anaanza na msingi, hapambi mlango kabla ukuta haujasimama.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia upungufu. Mabao 11 katika mechi 13 ni machache. Tena timu ilikuwa na ugonjwa wa dakika za mwisho. Zambia walisawazisha mwishoni. Kongo walifunga yote mawili mwishoni. Watu waliolalamika juu ya mambo hayo hawakusema uongo. Kumtetea mwalimu si kumficha makosa yake. Mwanafunzi na mwalimu wote husahihishwa.

KUONDOKA KWAKE

Mwezi Septemba 2025, katika mechi za kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, Tanzania ilifungwa nyumbani na Niger 1–0. Mwezi Oktoba ilifungwa nyumbani na Zambia 1–0. Nafasi ya Kombe la Dunia haikupatikana. Mwezi Novemba TFF iliachana na Mwalimu Hemed, na timu akapewa kwa muda Miguel Gamondi wa Argentina. Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa lianze Moroko mwezi Desemba.

Basi mwalimu aliyeipeleka timu hakwenda nayo. Na hilo halikuwa jambo geni. Mwaka 2024 pia, aliyeipeleka hakumaliza nayo, ingawa sababu ilikuwa nyingine.

Lazima niseme ukweli wote. Chini ya Gamondi, Tanzania ilifungwa na Nigeria 2–1, ikatoka sare 1–1 na Uganda, na sare 1–1 na Tunisia. Ikavuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Tarehe 4 Januari 2026 ikatolewa na Moroko, wenyeji, kwa bao 1–0.

Kwa hiyo wako wanaosema: "Mnaona? Mwalimu alibadilishwa na mambo yakawa mazuri. Muda wa nini?"

Nawajibu hivi. Gamondi alifanya kazi njema, na apewe sifa yake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini nafasi ya kwenda Moroko alikuwa amekwisha kuikuta. Ukuta usiofungwa mabao mengi alikuwa amekwisha kuukuta. Katika wiki chache mtu hawezi kufundisha timu nzima upya. Anaweza kuongeza. Aliyeongeza na aliyeanza wote wana fungu. Sisi tuna desturi ya kumpa sifa mmoja na kumsahau mwingine.

Tena angalia jambo hili. Januari 2024 Moroko waliifunga Tanzania mabao matatu. Agosti 2025, katika CHAN, walifunga moja tu. Januari 2026 tena moja tu. Timu inapanda ngazi polepole. Ngazi hiyo haikujengwa na mtu mmoja, wala haikujengwa kwa mwezi mmoja.

MKARAFUU HAUZAI MWAKA WA KWANZA

Sisi watu wa Pemba tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Tunaijua karafuu.

Mtu hupanda mche wa mkarafuu leo. Huupalilia, huuwekea kivuli, huumwagilia wakati wa jua kali. Mwaka wa kwanza hapati kitu. Mwaka wa pili hapati kitu. Hungoja miaka sita au zaidi ndipo aanze kuchuma. Hakuna mkulima mwenye akili anayeng'oa mche mwaka wa pili kwa sababu haujazaa. Akifanya hivyo, kila siku atakuwa na miche, na hata siku moja hatakuwa na karafuu za kuanika.

Lakini mkulima huyuhuyu akifika uwanjani jioni, anataka mwalimu wa timu avune kabla ya kupalilia. Timu ikifungwa Ijumaa, Jumamosi mwalimu hana kazi.

TIMU ZETU ZA VIJIJINI

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Habari za Taifa Stars tunazisikia redioni. Hatuna uwezo wa kuzibadilisha. Timu ya kijiji ni yetu. Hiyo tunaweza kuibadilisha.

Mwalimu wa timu ya kijiji ni nani? Mara nyingi ni kijana wa hapohapo, au mzee aliyecheza zamani. Asubuhi yuko baharini au shambani. Jioni yuko uwanjani na vijana. Wengi wao hawapewi mshahara. Mipira miwili, mmoja umepasuka. Vijana thelathini. Na juu ya hayo, kila mwenye mdomo ni mwalimu mkubwa kuliko yeye.

Timu ikifungwa mara mbili, hutokea mambo matatu.

La kwanza, mwalimu hufukuzwa kwa maneno. Hakuna mkutano, hakuna barua. Hupelekewa habari na mtoto.

La pili, huletwa mwalimu mwingine, naye huvunja yote ya mwenziwe. Aliyecheza nyuma anawekwa mbele. Vijana hawajui tena wafuate lipi.

La tatu, na hili linaniuma zaidi, fedha za timu hupelekwa kwa mganga. Watu huchanga shilingi kwa shilingi, wengine kutoka katika fedha za makonyo, kwa ajili ya kununua mipira. Badala yake zinanunua hirizi. Mimi nauliza jambo moja tu. Kama hirizi inafunga mabao, kwa nini vijana wanafanya mazoezi?

Hasara yake si kombe. Hasara yake ni vijana. Kijana anayefundishwa jioni anajifunza kufika kwa wakati, kumsikiliza mkubwa, kukubali kosa, na kumpasia mwenziwe. Timu ikivunjika, jioni zake zinabaki tupu. Sote tunajua jioni tupu humpeleka kijana wapi.

TUFANYE NINI?

Wewe msomaji sasa unajua kusoma na kuandika. Uwezo huo tuutumie katika timu zetu. Napendekeza mambo manne. Hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji daftari na kalamu.

Kwanza, kabla ya msimu kuanza, wanachama wa timu wakutane. Wamchague mwalimu. Wapatane naye muda: msimu mmoja mzima, au miwili. Mapatano yaandikwe. Yatiwe saini na mwalimu, mwenyekiti na katibu. Kilichoandikwa hakifutwi na hasira ya jioni moja.

Pili, liwepo daftari la mazoezi. Katibu aandike tarehe, waliofika, na walichofundishwa. Timu ikifungwa, lifungueni daftari. Huenda mkaona kuwa wachezaji sita hawakufika mazoezini wiki nzima. Hapo mtajua kosa ni la nani.

Tatu, liwepo daftari la fedha. Kila mchango uandikwe. Kila matumizi yaandikwe. Fedha zikiandikwa, ni vigumu kuzipeleka kwa mganga, kwa maana mtu ataona aibu kuandika.

Nne, mwisho wa msimu wakutane tena wafanye hesabu. Tuseme timu imecheza mechi 10. Imeshinda 3, sare 4, imefungwa 3. Mwaka uliopita ilishinda 1 tu na kufungwa 7. Basi mwalimu amefanya kazi, ingawa hakuna kombe. Lakini kama hesabu inaonyesha timu inarudi nyuma mwaka hadi mwaka, mwalimu aambiwe wazi, ashukuriwe, na atafutwe mwingine.

Sisemi kuwa mwalimu asiguswe. Mwalimu anayekula fedha za timu, au anayewapiga vijana, au anayewafundisha ulevi, aondolewe siku hiyohiyo. Huyo si mwalimu. Nasema kuwa mwalimu mwema asihukumiwe kwa mechi moja.

Mtanielewa, ndugu zangu, kwa sababu nyinyi wenyewe ni wanafunzi. Hakuna aliyeingia darasani akaweza kusoma ukurasa huu siku ile ile. Mlianza na a, e, i, o, u. Mkaunganisha silabi. Mkachoka, mkarudi. Kama baada ya wiki mbili mngesema "mwalimu huyu hafai, hatujui kusoma bado", darasa lingefungwa, na leo karatasi hii ingekuwa ya kufungia samaki.

Muda ule mliompa mwalimu wenu wa kisomo, mpeni na mwalimu wa vijana wenu.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Zanzibar Heroes ilifungwa katika fainali ya mwaka 2017. Je, mwalimu wake alishindwa? Toa sababu zako.

2. Mwezi Oktoba 2024 Tanzania ilifungwa na Kongo mara mbili. Kama ungekuwa kiongozi, ungefanya nini?

3. Tanzania ilimaliza kundi na pointi 10. Ilishinda mechi ngapi? Ilitoka sare ngapi? Ilifungwa ngapi? Hakikisha hesabu.

4. Je, timu ya kijiji chenu ina daftari? Nani analiandika?

5. Andikeni pamoja mapatano mafupi kati ya timu ya kijiji na mwalimu wake. Yasizidi mistari kumi.